Moduli ndani ya moduli: Ruby inaitafuta wapi konstanti yako?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mwanza, naandika programu ya Ruby ya kutunza kumbukumbu za kikundi cha wachuuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. Moduli kubwa ni `Soko`. Ndani yake zimo `Mwaloni` na `Nansio`, kwa sababu wanachama wanapokea mzigo sehemu hizo mbili. Juzi nilipanga upya faili la Mwaloni. Badala ya `module Soko` kisha `module Mwaloni` ndani yake, nikaandika `module Soko::Mwaloni` mstari mmoja ili msimbo usisogee sana kulia. Sikugusa kingine. Kwanza klasi ya `Stakabadhi` ikawa haionekani, nikapata `uninitialized constant Soko::Mwaloni::Stakabadhi`. Hiyo niliitatua kwa kuandika jina zima. Kinachoninyima usingizi ni hiki: kilo 40 za sangara Nansio zinatozwa ushuru shilingi 4,000, Mwaloni zinatozwa 2,000, na hakuna kosa lolote linalojitokeza. Moduli si ni ile ile?

Jibu: Marahaba. Ndiyo, moduli ni ile ile. Ukiuliza `Soko::Mwaloni.name` kabla na baada ya mabadiliko yako utapata jibu moja, na methodi zote zinaingia mle mle. Ila Ruby ikikutana na konstanti (jina linaloanza kwa herufi kubwa, lililopewa thamani isiyotarajiwa kubadilika) iliyoandikwa kama jina tupu, mfano `USHURU`, haianzi kwa kuuliza moduli hii inaitwaje. Inaanza kwa kuangalia mstari huo umeandikwa ndani ya `module` na `class` zipi, kama zilivyo kwenye faili lenyewe. Ulipozipunguza kutoka mbili hadi moja, uliiondolea Ruby sehemu moja ya kutafuta, ingawa hukubadilisha jina la kitu chochote.

Nimeufupisha msimbo wako hivi (viwango ni vya mfano tu):

```ruby
# soko.rb
module Soko
  USHURU = 100   # shilingi kwa kilo
end

# nansio.rb
module Soko
  module Nansio
    def self.tozo(kilo)
      kilo * USHURU
    end
  end
end

# mwaloni.rb
module Soko::Mwaloni
  def self.tozo(kilo)
    kilo * USHURU
  end
end
```

Tuuite mtindo wa Nansio ngazi, na wa Mwaloni mkato. Sasa ndani ya kila `tozo` weka mstari mmoja: `p Module.nesting`. Nansio itachapa `[Soko::Nansio, Soko]`. Mwaloni itachapa `[Soko::Mwaloni]`, basi. `Soko` haimo. Orodha hiyo ndiyo Ruby inayoipitia, kuanzia kushoto kwenda kulia, na inaambatana na methodi tangu ilipoandikwa. Haijalishi nani anaiita, wala kutoka faili gani.

Zile nukta mbili-mbili kwenye `module Soko::Mwaloni` zinamwambia Ruby mahali pa kuitundika Mwaloni, lakini hazifungui mlango wa Soko. Ni kama mchuuzi wa Ukerewe anayeshuka na mtumbwi moja kwa moja ufukweni: sokoni amefika, lakini getini hakupita, na bango la ushuru lililobandikwa getini hakulisoma.

Utafutaji wenyewe unakwenda hivi. Ruby inachukua orodha ya `Module.nesting` na kukagua kila moduli iliyomo, lakini inakagua konstanti za moduli hiyo yenyewe tu, siyo za ukoo wake. Orodha ikiisha bila kupata kitu, inarudi kwenye moduli ya kwanza ya orodha, ile ya ndani kabisa, na kupanda ukoo wake: klasi mama, moduli zilizoingizwa kwa `include`, hadi mwisho. Kama ile ya ndani ni moduli na siyo klasi, Ruby inamalizia kwa kuangalia `Object`, yaani konstanti zilizoandikwa nje ya moduli zote. Hapo nako ikikosa, inaita `const_missing`, na ndiyo unaona `uninitialized constant`.

Fuata njia hiyo kwa `Stakabadhi` yako. Majina ya klasi na moduli nayo ni konstanti, kwa hiyo sheria ni zile zile. Mwaloni haina `Stakabadhi`, ukoo wa Mwaloni ni Mwaloni peke yake, `Object` haina. Kosa. Afadhali hilo, maana programu ilisimama na kukwambia.

`USHURU` ndiyo hatari. Mwaloni haina, ukoo wake hauna, Ruby inafika `Object`, na huko inakuta `USHURU` nyingine yenye thamani ya 50 (ndiyo ile 2,000 kwa kilo 40). Inaichukua bila neno. Kwa macho ya Ruby hakuna kilichoharibika: jina limetafutwa, jina limepatikana. Nansio haikuwahi kufika huko kwa sababu ilisimama kwenye `Soko`.

Hiyo 50 imetoka wapi? Siwezi kuiona kwa kilichomo kwenye barua yako, ila una njia ya kuikamata bila kupekua faili moja moja. Kuanzia Ruby 2.7 ipo hii:

```ruby
p Object.const_source_location(:USHURU)
```

Itakupa jina la faili na namba ya mstari. Mimi nadhani utakuta faili la zamani la mipangilio ambalo mtu aliandika kabla moduli ya `Soko` haijazaliwa, likaachwa humo kwa kuwa halikuwa likimsumbua mtu.

Na kama mna majaribio ya RSpec (zana ya kuandika majaribio ya msimbo wa Ruby), angalia na huko. Mtu akiandika `USHURU = 100` ndani ya `describe ... do`, anafikiri ameifungia humo. Hajaifungia. `describe` inapokea bloku (kipande cha msimbo kilicho kati ya `do` na `end`), na bloku haiongezi kitu kwenye `Module.nesting`, hivyo konstanti hiyo inaangukia kwenye `Object` na kuonekana kila mahali wakati wa majaribio. Ndipo yanapotokea mambo ya ajabu: Mwaloni yako iliyovunjika inapata 100 kutoka kwenye jaribio lenyewe, majaribio yote yanapita kijani, halafu kwenye mashine ya sokoni inapata 50. Ukiona onyo `already initialized constant USHURU` likipita kwenye skrini wakati wa majaribio, usilipuuze, maana hapo kuna wawili wanaogombea jina moja kule juu. Kwenye RSpec tumia `stub_const("Soko::USHURU", 100)`, ambayo hujifuta jaribio likiisha.

Nikuonye pia kuhusu kujaribu kwenye irb (mahali pa kuandika mstari wa Ruby na kupata jibu papo hapo), kwa sababu hapo ndipo wengi wanapozidi kuchanganyikiwa. Chukua hali yako kamili: `Soko` ina 100, `Object` ina 50, na Mwaloni umeirudisha kwenye ngazi. Jina moja litakupa majibu matatu:

```ruby
Soko::Mwaloni.tozo(1)              # 100
Soko::Mwaloni.const_get(:USHURU)   # 50
Soko::Mwaloni::USHURU              # NameError
```

Ya kwanza inatumia jina tupu lililo ndani ya maandishi ya ngazi, kwa hiyo inaikuta `Soko`. Ya pili haijui maandishi yako yako wapi. `const_get` inaangalia Mwaloni na ukoo wake, na kwa kuwa Mwaloni ni moduli, inaongezea `Object`. Ya tatu umeitaja Mwaloni kwa jina, na Ruby inakuchukulia kwa neno lako: iwe kwenye Mwaloni au kwenye ukoo wake, vinginevyo hapana. Kwa upande wa klasi, zamani njia hii ya tatu ilikuwa na ulegevu. Tuseme una klasi `Mvuvi`: ukiandika `Mvuvi::USHURU`, Ruby ilikuwa inaweza kukupa `USHURU` ya `Object` huku ikitoa onyo tu. Ulegevu huo uliondolewa Ruby 2.5, iliyotoka Desemba 2017. Kama mashine fulani bado inaendesha toleo la kabla ya hapo, msimbo wako ule ule unaweza kupita huko na kugoma kwako.

Sasa tuje kwenye urithi, maana najua utafika huko ukianza kutenganisha sangara, sato na dagaa. Swali la kujiuliza ni moja: moduli inayonizunguka na klasi mama yangu wakiwa na konstanti ya jina moja, nani anashinda? Anayezunguka.

```ruby
class Samaki
  BEI = 9000
end

module Soko
  BEI = 7000

  class Sangara < Samaki
    def bei
      BEI
    end
  end
end

Soko::Sangara.new.bei   # 7000
Soko::Sangara::BEI      # 9000
```

Wengi hawaitegemei hii. Wanadhani mtoto atamfuata mama kwanza, lakini kumbuka mpangilio: orodha ya maandishi inamalizwa yote, ndipo ukoo unapandwa. Mstari wa mwisho unatoa 9,000 kwa sababu umetaja klasi kwa jina, na ukitaja kwa jina Ruby haiangalii maandishi yanayozunguka, inakwenda kwenye ukoo moja kwa moja.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo hilo. Weka methodi `bei` ndani ya `Samaki`, kisha uunde `class Dagaa < Samaki` yenye `BEI = 3000` yake. `Dagaa.new.bei` itatoa 9,000, siyo 3,000. Methodi iliandikwa ndani ya `Samaki`, na orodha yake inaanzia `Samaki`. Dagaa haijulikani hapo kabisa. Ukitaka kila samaki ataje bei yake, andika `self.class::BEI`. Binafsi katika hali hiyo ningeiacha konstanti na kutumia methodi, kwa sababu methodi hurithiwa vile mtu anavyotarajia. Tena dagaa mara nyingi huuzwa kwa ndoo na sangara kwa kilo, kwa hiyo tofauti zenu zitakuwa zaidi ya namba moja.

Mtego mwingine unaofanana na huo unawakuta hata wanaoandika kwa ngazi. Tuseme umeweka viwango kwenye moduli `Viwango`, kisha ukaandika `include Viwango` ndani ya `Soko`. Ndani ya `Soko` yenyewe konstanti za `Viwango` zinaonekana vizuri. Ingia ndani zaidi, kwenye `Soko::Nansio` iliyoandikwa kwa ngazi, zinapotea. Ruby ilipoikagua `Soko` iliangalia konstanti za `Soko` yenyewe tu, na ukoo inaoupanda ni wa `Nansio`, siyo wa `Soko`. Dawa ni kutaja: `Soko::KIWANGO`. Hapo umeitaja `Soko` kwa jina, na ukoo wake unahesabika.

Kuhusu bloku nimeshagusia. `Soko::Mwaloni.module_eval do ... end` inabadilisha `self`, lakini majina tupu yaliyo ndani yake yanatafutwa kutoka pale bloku ilipoandikwa. Ukiipa `module_eval` maandishi ndani ya alama za nukuu badala ya bloku, orodha inabadilika na kuingiza Mwaloni. Usiitumie njia hiyo kukwepa tatizo hili.

Wapo watakaokwambia kwamba Java haina vituko hivi. Inavyo, ila vimekaa mahali pengine. Klasi iliyoandikwa ndani ya klasi nyingine huona vya nje, sawa na ngazi. Lakini kifurushi `soko.mwaloni` hakioni klasi za kifurushi `soko` bila `import`, ingawa jina linaonekana kama mtoto na mama. Ukiisoma `module Soko::Mwaloni` kwa jicho la kifurushi cha Java, hutashangaa tena.

Kama siku moja mtahamia Rails (mfumo wa kujenga programu za wavuti kwa Ruby), sheria hazibadiliki, na siku hizi zinafuatwa kikamilifu kuliko zamani. Kipakiaji cha zamani, yaani sehemu ya Rails inayopakia mafaili yenyewe klasi zinapohitajika, kilitegemea `const_missing`, ambayo haipewi orodha ya maandishi, kwa hiyo kilikuwa kinakisia na mara nyingine kinakosea. Zeitwerk, kipakiaji kipya kilichokuja na Rails 6 mwaka 2019, kinatumia `autoload` ya Ruby yenyewe, na utafutaji ukabaki ule ule niliokueleza. Rails 7 iliondoa kile cha zamani. Kuhusu kasi usijali: Ruby inakumbuka jibu la kila konstanti mahali inapotumika, hivyo moduli tatu au nne zilizopandana hazitaipunguzia kasi programu yako.

Sasa uandike vipi? Rudisha ngazi kwenye faili la Mwaloni. RuboCop, zana ya kukagua mtindo wa msimbo wa Ruby, nayo kwa kawaida hudai ngazi, kanuni yake inaitwa `Style/ClassAndModuleChildren`, na marekebisho yake ya kiotomatiki imeyaweka kwenye kundi la yasiyo salama kwa sababu hii hii iliyokupata. Msimbo kusogea kulia kwa nafasi mbili zaidi ni gharama ndogo. Ukiona unasogea mno, huenda una moduli nyingi kuliko kazi iliyopo.

Hata hivyo nisikufiche, ngazi nayo ina ubaya wake. Mwenzako akiunda klasi `Soko::File` kwa ajili ya majalada ya wanachama, kila `File.read` iliyo ndani ya ngazi ya `Soko` itaelekea kwenye klasi yake, na ataambiwa `read` haipo. Faili lililoandikwa kwa mkato lisingepatwa na hilo. Hapo weka nukta mbili-mbili mbele: `::File.read`. Zinamwambia Ruby aanzie juu kabisa. Afadhali zaidi, mshauri abadilishe jina la klasi.

Kwa namba zinazogusa fedha, mimi ningetaja jina zima hata ndani ya ngazi: `kilo * Soko::USHURU`. Atakayepanga upya faili baada yako, kwa mtindo wowote, hataigeuza thamani yake kimyakimya. Na ile ya `Object` uifute kabisa, usiibadilishe kuwa 100. Ukiifuta, kila faili lililokuwa likiitegemea bila kujua litapiga kelele mara tu methodi husika ikiitwa. Pitisha majaribio yote, kisha uite kwa mkono methodi ambazo hazina jaribio, maana Ruby haitafuti konstanti iliyo ndani ya methodi mpaka methodi hiyo iendeshwe.

Halafu kuna stakabadhi zilizokwisha kutoka. Kama mnatumia git (zana ya kutunza historia ya msimbo), `git log -p mwaloni.rb` itakuonyesha siku mstari wa `module` ulipobadilika, lakini unachotaka ni siku toleo hilo lilipowekwa kwenye mashine ya sokoni. Stakabadhi zote za Mwaloni kuanzia siku hiyo zihesabiwe upya. Za Nansio ziko sawa, isipokuwa kama kuna faili lingine ulilolipanga kwa mkato siku ile ile, kwa hiyo tafuta `module Soko::` na `class Soko::` kwenye mradi mzima kabla hujampelekea mweka hazina orodha.